Jamu ya Nyumbani: Zawadi ya Desemba Isiyokausha Mfuko

Mkono mtupu haurambwi, walisema wahenga, na hakuna mwezi unaouthibitisha usemi huo kama Desemba. Shule zikishafungwa, mabasi yaelekeayo mashambani hujaa pomoni, nauli hupanda kila uchao, na kila abiria aliye na kazi ya mshahara, hata uwe mshahara mdogo kiasi gani, hutarajiwa kushuka kituoni akiwa na kitu mkononi. Mwalimu ndiye hasa anayetazamwa. Kijijini yeye ni mtu wa serikali. Hakuna ajuaye, wala atakaye kujua, kwamba mshahara wake umekwisha kutafunwa na mikopo kabla haujamfikia. Basi mwenzetu huyo huingia dukani tarehe 22 akiwa na haraka, akanunua kopo la biskuti, leso mbili tatu na saa ya ukutani ambayo haitaimaliza Pasaka. Januari ikiingia, humkuta akiwazungukia wenzake kuomba mkopo wa karo.

Mimi nina pendekezo, nalo ni jamu. Namwomba msomaji asicheke kabla hajanisikiliza. Sisemi jamu ya dukani, ambayo nyanya yangu angeweza kujinunulia mwenyewe akitaka. Nasema jamu niliyoipika jikoni mwangu, kwa matunda niliyoyachagua, nikaitia chupani na kuandika jina na tarehe juu yake. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizibeba chupa hizo niendapo kuwaamkia wazee, na bado sijaona uso uliokunjamana.

Yafaa tuanze na kalenda, maana ndiyo inayotupendelea. Likizo ndefu ya shule zetu huangukia Novemba na Desemba, na huo ndio wakati maembe yanapoanza kuiva Makueni, Machakos na Kitui. Pwani nako miti huwa imelemewa. Atakayepita soko la Kongowea siku hizo ataona dodo, boribo na ngowe, lile embe refu lenye kidomo kilichopinda kama ndoana, yamerundikwa hadi muuzaji haonekani. Ukambani, mkulima aliyekosa mnunuzi huyaacha yakaoza chini ya mti. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba mwaka 2017, na hatua hiyo yastahili pongezi; lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumeza mazao ya eneo zima, na maembe hayana subira. Jambo la ajabu ni kwamba katika nyumba iliyo hatua kumi kutoka kwenye mwembe huo, mkate wa asubuhi hupakwa jamu iliyotoka mbali, tena ya tunda ambalo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kuliona mtini.

Asiye na embe hakosi tunda lingine. Mapera humea yenyewe kando ya mito na nyuma ya vyoo vya shule, na kwa jamu hayana mpinzani, kwa sababu nitakayoieleza. Wa Thika ana nanasi. Wa Limuru ana plamu. Hata forosadi, zile zinazoharibu mashati ya watoto njiani kutoka shuleni, hupikika vizuri sana.

Jamu husimama juu ya mafiga matatu: pektini, asidi na sukari. Pektini ni ute uliomo katika kuta za seli za matunda, nao ndio unaoifanya jamu igande badala ya kumwagika kama uji. Mwanakemia Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeieleza na kuipa jina mwaka 1825. Matunda hayakugawiwa pektini kwa usawa. Mapera, malimau na machungwa yamejaliwa nayo tele. Nanasi lina kidogo. Embe lina ya wastani, na hupungua kadiri linavyozidi kuiva. Ndiyo maana mpishi mwerevu huchanganya maembe yaliyoiva na machache ambayo bado yana ugumu, au hutia mapera mawili matatu ndani ya nanasi. Asidi, ambayo sisi huipata kwa ndimu na limau, huisaidia pektini kushikana. Sukari nayo huyafunga maji yaliyomo katika tunda, hata vijidudu vikakosa cha kunywa. Sukari ikifika takriban sehemu 60 hadi 65 kwa mia ya jamu yote, vijidudu vingi haviwezi kuzaana humo.

Nachukua kilo moja na nusu ya nyama ya embe iliyokwisha menywa na kukatwakatwa, kilo moja ya sukari, na maji ya malimau matatu. Embe huwekwa motoni peke yake kwanza, pamoja na kikombe kimoja cha maji, likachemka polepole mpaka likalainika kabisa. Sukari haitiwi mapema, kwani hulifanya tunda ligome kulainika na kuizuia pektini isitoke. Likishalainika, hutiwa limau na sukari, hukorogwa mpaka chembe zote ziyeyuke, ndipo moto uchochewe. Kuanzia hapo kazi ni ya haraka. Jamu inayotokoteswa saa nzima juu ya makaa hafifu hupoteza rangi, harufu na hata nguvu ya kuganda. Sufuria iwe na kitako kizito, na chakula kisizidi nusu yake, maana povu hupanda ghafla. Mwiko uwe mrefu. Tone la jamu ichemkayo hunata juu ya ngozi na kuunguza kuliko maji ya moto, kwa hiyo mtoto mdogo asisogezwe karibu na jiko hata kwa kisingizio cha kujifunza.

Sasa nafika mahali ambapo mwalimu wa fizikia atanifurahia. Vitabu vingi vya mapishi husema jamu huwa tayari inapofikia nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Kipimo hicho ni sahihi kwa aliyeko Mombasa au Lamu. Lakini kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi moja pungufu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Jamu huiva inapozidi kiwango cha kuchemka kwa maji ya mahali hapo kwa nyuzi nne au tano. Kwa hiyo mpishi wa Nairobi aondoe sufuria kwenye nyuzi 99, na wa Eldoret kwenye 97 au 98. Atakayekaa Eldoret akingojea nyuzi 105 za kitabuni ataambulia kitu kinatacho kama tofi, kisha atalaumu maembe.

Niliwahi kulieleza jambo hili mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili ambao hapo awali walikuwa wakipiga miayo. Hawakuniamini. Tuliteleka maji, tukatumbukiza kipimajoto cha maabara, na kila mmoja akaja kusoma mwenyewe kwamba maji yanatokota na zebaki haijafika 95. Siku zote walikuwa wameandika katika madaftari yao kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, wakapewa alama, na hakuna aliyewaambia kwamba maji ya bomba la shule yao hayajawahi kuchemka hivyo.

Asiye na kipimajoto asihofu. Wapishi wa kale hawakuwa nacho. Weka kisahani mahali baridi, dondoshea tone la jamu, ungoje dakika moja, kisha lisukume kwa ncha ya kidole. Likikunja ngozi juu yake kama uso wa maziwa yaliyopoa, jamu imeiva. Likitiririka, rudisha sufuria motoni kwa dakika chache zaidi.

Chupa ndiyo sehemu ambayo wengi huidharau, ilhali ndiyo inayoamua kama zawadi yako itamfurahisha mzee au itampeleka zahanati. Mfaransa mwingine, Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengenezaji wa vitamutamu, alichapisha mwaka 1810 njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukitia katika chupa, kuziba vizuri na kuichemsha chupa yenyewe majini. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini njia hiyo hufaulu; maelezo ya vijidudu yalikuja miongo kadhaa baadaye kwa kazi ya Louis Pasteur. Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna udhuru. Chupa zioshwe kwa sabuni, zichemshwe dakika 10, na jamu itiwe ingali moto ndani ya chupa zilizo moto, maana chupa baridi hupasuka. Iache nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, funga kifuniko, kisha rudisha chupa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, juu ya kitambaa kilichotandikwa chini, kwa dakika 10 Pwani na 15 kwetu wa nyanda za juu. Zikipoa, bonyeza kifuniko katikati. Kilichonywea ndani kimeshika. Kinachochezacheza hakikushika, na chupa hiyo ni ya kuliwa nyumbani wiki hiyo hiyo, si ya kusafirishwa. Vifuniko vyenye kutu au vilivyobonyea vitupwe bila huruma.

Papai lina hila yake. Lina asidi kidogo mno, na chakula kisicho na asidi ya kutosha kikifungiwa chupani kinaweza kukuza vijidudu vyenye sumu kali bila kubadilika harufu wala sura. Katika jamu ya papai, basi, limau si kiungo cha ladha tu bali ni kinga, na asiyekuwa na kanuni iliyopimwa afadhali apike embe au nanasi. Na jamu iliyoota kuvu, ya tunda lolote lile, hutupwa yote. Kukwangua ile ya juu na kula ya chini ni ubahili usio na faida, kwani sumu ya kuvu hupenya chini ambako jicho halifiki.

Je, ni zawadi rahisi kweli? Hapa sharti tuhesabu kwa uaminifu, maana nimesoma makala nyingi zinazosifu vitu vya kujitengenezea huku mwandishi akisahau kutaja gharama nusu. Kilo moja ya sukari huzaa zaidi kidogo ya kilo moja na nusu ya jamu, yaani chupa tano za gramu 300 na ushei. Kila chupa, basi, imebeba moja ya tano ya kilo ya sukari, na hiyo ndiyo gharama kubwa kwa mwenye mwembe wake. Sukari yenyewe haitabiriki. Mwaka 2023 kilo moja ilipita shilingi 200 katika maduka mengi nchini. Ongeza makaa au gesi. Ongeza malimau. Hata hivyo, kwa anayeokota maembe na aliyeziweka chupa za mwaka mzima badala ya kuzitupa, jumla yote ya chupa tano haikaribii bei ya lile kopo la biskuti. Lakini atakayenunua stroberi za dukani, chupa mpya zenye nakshi na utepe wa dhahabu, huyo atatumia fedha nyingi kuliko angenunua jamu iliyo tayari, na asiseme ni mimi niliyemshauri. Urahisi wa zawadi hii umo katika msimu na mahali. Pika kinachooza karibu nawe.

Kuna mwalimu mwenzangu aliyeniuliza kwa kejeli: utampelekea mama mkwe chupa kuukuu iliyokuwa na siagi ya njugu? Swali lake si la kupuuzwa, kwa sababu aibu ndiyo inayotufukarisha Desemba. Tumefikia hali ya kuamini kwamba kitu kisicho na bei iliyobandikwa hakina thamani. Haikuwa hivyo daima. Katika mitaa ya Waswahili, tangu Mvita hadi Lamu, siku ya Idi sahani za vyakula huvuka kutoka nyumba hii hadi ile zikiwa zimefunikwa kawa, na hakuna anayefunua kawa kuuliza ngano ilinunuliwa kwa pesa ngapi. Anachokitazama mpokeaji ni mkono uliopika na kwamba amekumbukwa. Bara nako, mgeni alibeba ndizi, asali au kibuyu cha maziwa kutoka kwake, na mwenyeji alijua kilikotoka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kuhusu chupa kuukuu, nilimjibu mwenzangu kwamba ikichemshwa na kubanduliwa karatasi yake ya zamani, mama mkwe hataijua. Na akiijua, atajua pia kwamba mkwewe hatupi vitu ovyo.

Kwa wanafunzi, likizo hii haihitaji fedha zaidi ya zile ambazo mzazi angezitumia kwa jambo jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulileta masomo ya mikono katika shule za msingi, sayansi kimu yakiwemo. Baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE, na lisilotahiniwa kwetu halifundishwi. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi uliochukua nafasi yake unadai mwanafunzi atende, si akariri tu. Wazazi wamelalamika, na wana haki, kwamba kutenda huko mara nyingi huishia kwenye kununua manila na kuchapisha picha za rangi usiku wa manane. Jamu ni kazi ya kutenda ambayo ikikamilika huliwa. Ndani yake mna uwiano, vipimo, hali ya joto, kemia ya asidi, usafi na hesabu ya gharama. Mwalimu wa Kiswahili naye asikae pembeni: kuandika maagizo ya kupika ambayo mtu mwingine ataweza kuyafuata bila kukuuliza swali ni zoezi gumu la insha kuliko nyingi tunazowapa.

Wala isisemwe kwamba ni kazi ya wasichana. Wavulana niliowafundisha walianza kwa kusimama mlangoni mikono ikiwa mifukoni. Walipoona kipimajoto wakasogea. Mmoja wao alishika mwiko tangu mwanzo hadi mwisho na akakataa kumwachia mwingine, si kwa mapenzi ya upishi, bali kwa sababu alikuwa amebishana na mwenzake kuhusu dakika ambayo jamu ingeganda.

Tahadhari moja inahusu anayepewa. Wazee wengi siku hizi wana maradhi ya kisukari, na chupa ambayo zaidi ya nusu yake ni sukari si zawadi kwao hata ikipambwa vipi. Uliza kabla ya kupika. Kwa mzee wa namna hiyo, embe lile lile likiwa bichi hufanyiwa achari ya chumvi, siki na pilipili, nayo husafiri vizuri vilevile. Ila kama ana shinikizo la damu pia, punguza mkono kwenye chumvi au umpelekee maembe mabichi yenyewe na umtengenezee kachumbari papo hapo.

Tahadhari ya pili ni kwa vijana wenye macho ya biashara, maana najua swali lao litakuwa: mbona tusiuze? Zawadi ni zawadi. Chakula kilichosindikwa kikiuzwa kinahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, pamoja na vibali vya afya vya kaunti. Hiyo ni njia nzuri kwa mwenye kuitaka, lakini inaanzia kwenye ofisi, haianzii kwenye sufuria ya mama. Likizo hii wapike wagawe.

Kilichobaki ni karatasi ya kubandika chupani. Andika tunda, siku iliyopikwa na mahali lilikochumwa: embe la kwa mjomba, Wote, Desemba. Andika pia kwamba chupa ikifunguliwa iliwe kwa kijiko kikavu na imalizwe kwa wiki mbili tatu, kwa kuwa nyumba nyingi tunazozitembelea hazina friji. Kwa sababu hiyo chupa ndogo mbili ni bora kuliko kubwa moja. Na ukiwaaga wenyeji, waombe wakuwekee chupa tupu. Nyanya yangu huzipanga juu ya kabati zikiwa safi, vifuniko mbali, na mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa amenijazia mbili kwa maharagwe ya kupanda.